Pedeli za Kushukia

Baiskeli ilifika kwetu Endasak ikiwa haina pedeli. Ilishushwa kwenye buti la basi la Arusha, nyembamba kama mbuzi wa kiangazi, usukani umejikunja kama pembe za kondoo dume, na pale mtu anapoweka miguu palikuwa na matundu mawili tu yananitazama. Nikamwambia binti yangu, huyu kitinda mimba anayeishi Arusha, aliyekuja nayo, kwamba ameibiwa njiani. Akacheka. Akasema baiskeli za mbio ndivyo zinavyouzwa, kila mtu anajichagulia pedeli kulingana na mguu wake na safari zake.

Nilibisha sana. Nikasema huo ni ujanja wa wauzaji, ni sawa na kuuziwa ng'ombe ukaambiwa kwato utatafuta mwenyewe. Mke wangu alikuwa anapepeta maharage pale pembeni, hata hakuinua kichwa.

"Jembe unanunua bila mpini," akasema, "na sijawahi kukusikia unalalamika."

Ni kweli. Mpini nauchonga mwenyewe, naupima kwa kiuno changu, na jembe langu hakuna mtu mwingine analimudu. Basi nikakubali kwamba na pedeli ni hivyo hivyo. Ila mpini nimeujua tangu utoto, pedeli sikuwa nimewahi kuzifikiria hata siku moja. Ni kitu unakikanyaga tu.

Ngoja nirudi nyuma kidogo, msije mkashangaa mzee wa umri wangu kuletewa baiskeli ya mbio. Mimi shuleni niliishia darasa la tatu, ng'ombe wakanirudisha nyumbani, lakini baiskeli nilijifunza mapema na sijaiacha. Nimebebea mahindi, mbaazi, mgonjwa, na mara moja jogoo wa mahari aliyeniparura mgongo mpaka Katesh. Siku hizi sibebi kitu. Siku hizi safari yangu ni moja tu, ni kwenda Dirma kwa dada yangu.

Dada yangu aliolewa huko kwa wafugaji zamani, mimi nikiwa bado nachunga ndama. Wakati wa uhuru mimi nilikuwa mtoto wa kuchunga ndama, yeye tayari alikuwa anasukwa nywele za kuolewa. Amekaa huko mpaka lugha ya kwetu anaizungumza kwa sauti ya kwao. Mumewe amefariki, ng'ombe wanaangaliwa na wanawe, yeye anakaa nje ya boma lake na bangili zake za shaba, anatazama njia. Na yeye ndiye mtu wa mwisho niliyebaki naye wa kumwambia shikamoo. Nasema ukweli. Nikitembea hapa kijijini mimi ni marahaba, marahaba, marahaba, mpaka mdomo unakauka. Wakubwa wangu wote wamekwisha. Baba, mama, kaka zangu, mchungaji aliyenibatiza, wote. Kubaki marahaba tupu ni kama kubaki mlinzi wa nyumba ya watu waliosafiri. Nikifika Dirma nikasema, shikamoo dada, najisikia na mimi ni mtoto wa mtu.

Watoto wangu wanasema nipande bodaboda. Nimepanda. Lakini bodaboda inakusubiri pale nje, kijana anatazama simu, anatazama jua, dada ameanza tu kutikisa kibuyu cha maziwa, wewe unaaga. Dada mwenyewe aliniambia, mtu aliyeletwa kama gunia ataondoka kama gunia. Kwa baiskeli naondoka ninapotaka mimi.

Tatizo lilikuwa kuanguka. Baiskeli yangu ya zamani, ile nyeusi nzito, pedeli zake zilikuwa za mpira, na mpira ulikuwa umelika ukawa laini kama sabuni. Siku moja ya manyunyu mguu uliteleza, ile pedeli ikazunguka ikanipiga ugokoni. Kidonda kilikaa mpaka maharage yakavunwa. Fremu nayo ikakatika pale pale ilipowahi kuchomelewa. Watoto wangu wakafanya kikao kwa simu, kila mmoja yuko mji wake, wakaamua Baba asipande tena. Ni huyu kitinda mimba peke yake aliyenitetea. Aliwaambia wakubwa wake, niacheni nimletee baiskeli nyepesi ambayo mguu hautelezi. Akianguka na hiyo, mimi mwenyewe nitaichukua. Kwa hiyo mambo yalikuwa wazi. Nikianguka tena, baiskeli inarudi Arusha, na mimi na gunia tunakuwa sawa.

Pedeli alizokuwa amenichagulia alizitoa kwenye mkoba, zimefungwa kwenye gazeti. Ndogo, kama vifundo. Na pamoja nazo viatu, chini ya soli pana chuma. Akanieleza kwamba hiki chuma kinaingia kwenye pedeli, kinajifunga, ta, mguu na baiskeli vinakuwa kitu kimoja. Kutoka unazungusha kisigino kwa nje. Huko mjini waendesha baiskeli za mbio wote wanatumia hizo, na mtu aliyemuuzia baiskeli alizitumia miaka mpaka alipoota kitambi.

Nikamuuliza, "Sasa nikikutana na mtu?"

"Mtu gani, Baba?"

"Mtu wa kumsalimia."

Akasema, "Unazungusha kisigino, unatoka."

Nilijifunza nimeshika ukuta wa zizi. Ng'ombe walinitazama kwa huruma. Funga, zungusha, toka. Funga, zungusha, toka. Haikuwa ngumu. Tena nilipoingia barabara ya lami nilipenda, siwezi kusema uongo, nilipenda mno. Mguu unasukuma ukishuka na unavuta ukipanda, baiskeli inaruka kama imesikia jina lake. Mlima Hanang ulikuwa upande wangu, wingu limeukalia, na mimi mzee mzima nikajikuta naimba. Binti akarudi Arusha na furaha yake.

Safari ya kwanza ya Dirma sikufika. Nilikuwa nimeshaiacha lami, naingia njia ya vumbi, nikaona mbele mzee anakuja na punda wawili wamebeba maji. Kichwa cheupe kabisa, cheupe kuliko changu. Sasa nyinyi mliolelewa hapa mnajua. Mtu huwezi kumpita mkubwa wako ukiwa umekaa juu ya baiskeli unampungia mkono. Unashuka, unashika baiskeli yako, unasalimia, unasubiri upokelewe, ndipo unapanda. Mimi nilifundishwa hilo kwa fimbo, na baadaye likaingia mguuni lenyewe. Ubongo haushauriwi. Nikiona kichwa cheupe, mguu wa kushoto unashuka.

Na mguu wa kushoto ukashuka. Ila haukuzungusha kisigino, kwa sababu huo mguu ulijifunza kushuka zamani sana, kabla ya hivyo vyuma kuzaliwa. Ulivuta tu. Haukutoka. Nikalala taratibu upande wa kushoto, mimi na baiskeli yangu, kama mti uliokatwa na mtu asiye na haraka. Kiwiko kikachunika. Punda wakasimama. Nikiwa pale chini, miguu yote miwili bado imefungwa, nikasema kilichokuwa kimeshafika mdomoni.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba," akasema. Na kwa kuwa alikuwa mtu wa heshima, hakuruka hatua. Akaniuliza habari za nyumbani. Nikamwambia wazima. Mifugo je? Wazima. Mvua huko kwenu? Ilinyesha ikakata. Mahindi? Yameshika mbegu. Akawatazama punda, akanitazama.

"Na hapo chini je, unaumwa?"

Nikamweleza habari ya viatu. Akainama kuvitazama, akavuta, vikakataa, mwishowe tukavua viatu vyenyewe, nikatoka peku, viatu vikabaki vimening'inia kwenye pedeli kama popo. Tukakaa kwenye jiwe. Tukaanza kuulizana sisi ni wa nani, na hapo ndipo mambo yalipoharibika, kwa sababu nilimuuliza wakati wa uhuru alikuwa anafanya nini.

"Nasikia nilikuwa mgongoni," akasema.

"Mgongoni kwa nani?"

"Kwa mama. Nilikuwa nanyonya."

Nikamwambia mimi nilikuwa nachunga ndama. Yule mtu alishtuka kuliko alivyoshtuka nilipoanguka. Alivua kofia. Alikuwa amepokea shikamoo ya kaka yake, tena kaka amelala chini mavumbini. Akanisihi nimsamehe, nywele zake zimemwahi tu, ni za ukoo, baba yake naye alikuwa hivyo hivyo. Akasimama mbele yangu akanipa shikamoo. Nikampa marahaba. Hakutosheka, akaona haijalipa, akanipa nyingine na maji ya kunawa kiwiko kutoka mgongoni kwa punda. Tumekuwa marafiki mpaka leo, na mpaka leo akiniona anaanza kusalimia tukiwa mbali, asije akawahiwa tena.

Nilirudi nyumbani nimekokota baiskeli, nimeshajipangia kusema kwamba kiwiko nilikigonga mlangoni. Lakini kijana mmoja wa bodaboda alikuwa amepita wakati nimelala. Habari ilifika kabla yangu. Mke wangu alinipa simu akasema, ongea na mtoto wako.

"Baba, umeanguka?"

"Sikuanguka. Nimeshuka vibaya."

"Ulishuka na baiskeli?"

"Tulishuka wote."

Nikasikia magari ya Arusha tu. Nilijua ndugu zake watamsema yeye, siyo mimi. Akasema ataniongezea nafasi moja, moja tu. Mwisho wa mwezi angekuja mwenyewe, afuate nyuma yangu mpaka Dirma. Nikishuka vizuri mbele ya shangazi yake, baiskeli inabaki. Nikianguka, anaipakia kwenye basi lile lile analorudi nalo. Halafu akasema polepole kwamba kama njia nyingine ipo, nisalimie tu nikiwa juu, siku hizi watu wanapiga honi na wanaelewana. Nikamwambia, mwanangu, mimi kwa dada yangu nipige honi? Hakurudia.

Basi ikawa ni kutafuta pedeli nyingine. Fundi wetu wa baiskeli hapa sentani, penye maduka, alinitolea jozi tatu kutoka kwenye ndoo ya vyuma vyake, akasema nikajaribu nyumbani, nitakayochagua nimlipe, zinazobaki nimrudishie. Za kwanza zilikuwa za mpira, nene, kama zile zangu za zamani ila mpya. Za pili za plastiki, pana, nyekundu. Za tatu za chuma, zimekatwa kando meno meno kama msumeno wa mtoto. Fundi mwenyewe alinisukuma kwenye za plastiki kwa sababu ya rangi.

Nilifunga zile za mpira kwanza, kwa mazoea. Mke wangu alisimama akaitazama ile baiskeli nyembamba na yale mapedeli manene, akasema ni kama bibi harusi aliyevishwa buti za zizini. Lakini hakuniacha niamue kwa macho. Huyu mwanamke tumeishi miaka mingi, na kitu ambacho haniambii ni kwamba hapendi nisiende Dirma. Nikikaa sana bila kwenda, nakuwa mkali kwa kuku. Alileta ndoo ya maji, akamwaga juu ya pedeli, akamwaga na kwenye katambuga zangu, hizi ndala za tairi ninazovaa siku zote. Akasema mvua haitakuuliza umejiandaa. Kisha akaenda akasimama getini, akajifunga khanga kichwani jinsi dada yangu anavyojifunga, akakunja mikono.

"Mimi ni wifi," akasema. "Njoo unisalimie."

Nikaona ananitania. Hakuwa ananitania. Nikazunguka mpaka kwenye migomba, nikaja, nikashuka mbele yake. Mpira juu ya mpira wa tairi, na maji katikati, mguu uliondoka kabla sijauruhusu. Nikashika geti.

"Hujasalimia," akasema.

"Nimsalimie nani?"

"Mimi wifi. Unataka ujifunze nusu?"

Nikamtazama mke wangu, mtu niliyemuoa akiwa msichana, aliyenipa shikamoo siku ya kwanza nilipofika kwao kwa sababu hakujua nimekuja kwa ajili yake. Nikasema shikamoo. Akaipokea kwa sauti nzito ya dada yangu, marahaba mdogo wangu, na uso wake haukutikisika hata kidogo. Akaniambia nirudi kwenye migomba.

Tulikaa na kazi hiyo mchana mzima. Nabadilisha pedeli, anamwaga maji, nazunguka, nashuka, nampa shikamoo, anapokea. Ile ya kushoto inafungwa kwa kuzungusha kinyume na nilikuwa nasahau kila mara, naikaza kumbe nailegeza, na yeye ananisubiri getini na mikono yake imekunjwa kama mwenye boma. Jirani yetu mmoja mama alipita anatoka mashineni na unga kichwani, akanisikia namwambia mke wangu shikamoo, akasimama. Mke wangu akamjibu kabla hajauliza. Akasema, mzee ameanza kupata adabu. Yule mama aliondoka na hilo, na nadhani lilifika kanisani kabla ya Jumapili.

Za plastiki zilikuwa nzuri kukanyaga lakini pana mno, mguu ukishuka kisigino kinajikwaa kwenye ukingo wake. Za meno ndizo nilizoziogopa, nikifikiria ugoko wangu. Lakini hapo ndipo niliposhangaa. Yale meno yanauma tairi la katambuga, hata kwenye maji hayaachii ukisukuma mbele wala pembeni. Ukinyanyua mguu juu, yanaachia yenyewe, hayaulizi kisigino kimezunguka wapi. Mguu wangu wa kushoto ulishuka kama ulivyofundishwa utotoni. Mke wangu aliona kabla yangu. Alipokea ile shikamoo, akafungua khanga kichwani.

"Hizo," akasema, akaenda kupika.

Binti alikuja kama alivyosema. Alizitazama zile pedeli za chuma, akazigusa kwa kidole, akauliza kama nitavaa soksi nene, nikasema nitavaa. Zile za kwake ndogo alizifunga tena kwenye gazeti, na mimi nilimhurumia, kwa sababu alizichagua kwa kunipenda. Nilimwambia zilikuwa nzuri sana kwa mtu asiye na jamaa njiani. Akacheka ndipo nikapumua.

Tuliondoka mapema, mimi mbele, yeye nyuma kwenye bodaboda inayokwenda polepole mpaka dereva analalamika injini itachemka. Kila nilipoona mtu mbele nilijiandaa kushuka. Lakini wote walikuwa vijana, wao ndio walionisalimia. Mpaka tunaingia Dirma nilikuwa sijashuka hata mara moja, na miguu ilikuwa imechoka, na nilijua kushuka kwa kwanza ndiko kutakakohesabiwa.

Dada alikuwa amekaa nje, mgongo kwenye ua wa miiba. Siku zote ananisubiri amekaa. Siku hiyo aliponiona akasimama. Anasimama kwa kazi sana siku hizi, anashika fimbo, anashika ua, kwa hiyo nilipomwona amesimama wima nikasahau pedeli, nikasahau binti na simu yake aliyoinyoosha awaonyeshe ndugu zake. Niliona tu dada yangu anayumba. Mguu ukashuka wenyewe. Ukafika chini, wa pili ukafuata, nikawa nimesimama. Nikamshika mikono yote miwili.

"Shikamoo dada."

"Marahaba mdogo wangu."

Na nyuma yangu kukawa na kishindo, kwa sababu mtu hawezi kushika mikono miwili ya dada yake na baiskeli pia. Ilikuwa imejilaza kwenye vumbi, gurudumu linazunguka, ndama wamekimbia. Nikageuka kumtazama binti. Alikuwa ameshusha simu. Nikaona anafikiri, na kweli sikujua kama hiyo inahesabiwa.

Akasema, "Kilichoanguka ni baiskeli. Sisi tulimzungumzia Baba."

Alipiga simu kwa ndugu zake pale pale. Mmoja alibisha kidogo, nikamsikia. Dada akauliza ni ugomvi gani, na binti akamweleza yote kwa sauti kubwa karibu na sikio lake, viatu vya chuma, mzee wa punda, masharti. Dada alisikiliza mpaka mwisho. Hakucheka nilivyotarajia. Alinyoosha fimbo akaonyesha mgunga ulio mbali kule njia inapopinda.

"Wewe shuka pale," akaniambia. "Uje kwa miguu. Wanaokuja na pikipiki nawaona wakiwa wameshafika. Wewe nataka nikuone unakuja."

Akakaa, akaanza kutikisa kibuyu. Binti akamruhusu dereva wa bodaboda aende, akasema watawasiliana baadaye, tukanywa maziwa mpaka jua likageuka. Jioni alipanda basi lake pale Katesh akiwa na mkoba tu, na mimi nikapanda baiskeli yangu kurudi Endasak.

Sasa nafanya kama dada alivyosema. Nafika kwenye mgunga, nanyanyua mguu, meno yanaachia, nashuka pasipo na mtu wa kuniona nikiyumba. Kutoka pale nakokota polepole, naye ananitazama njia nzima, na nikimfikia kitu cha kwanza anachoniambia, kabla hata sijampa shikamoo yake, ni kwamba nimechelewa.